Walikuwa wanachimba dawa wapi?

Nimekuwa kimya kidogo, mnisamehe. Shule zilifungwa, watoto wako nyumbani, na kama kawaida ya huku ughaibuni, likizo ya kiangazi bila safari ya gari watoto wanaiona kama adhabu. Kwa hiyo tulifunga virago tukatoka Baltimore kwenda Memphis, Tennessee. Ni maili zipatazo 900, karibu kilomita 1,450 kwa wale mnaohesabu kwa vipimo vya nyumbani. Ndani ya gari tulikuwa sita: mimi, mama watoto, mkubwa wa miaka saba, wa kati wa miaka minne, kichanga wa miezi kumi, na mama yangu mzazi aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Watoto wanamwita Bibi, na siku hizi hata mimi namwita hivyo hivyo.

Wengi mmekuwa mkiniuliza namna ya kusafiri mbali na watoto wadogo bila kuchanganyikiwa. Nitawaambia tuliyoyafanya. Lakini safari hii ilinifundisha kitu kingine. Kila kitu kinachofanya safari ya familia iende vizuri huku Marekani, kuanzia barabara na moteli hadi choo cha njiani na kiti cha mtoto, kina historia yake. Hakuna kilichoota chenyewe kama uyoga. Kila kimoja kuna mtu alikipigania, na kuna wengine walinyimwa. Nyingi ya historia hizo ziko kwenye njia ile ile tuliyopita, kwa hiyo nitaisimulia kwa mpangilio wa safari yenyewe.

Tuanze na barabara. Mwaka 1919 jeshi la Marekani liliamua kujaribu kuvuka nchi kwa magari, kutoka Washington hadi San Francisco. Msafara ule ulitoka Julai 7 ukafika Septemba 6, siku 62. Magari yalizama kwenye tope, madaraja ya mbao yakavunjika, na kuna siku walitembea maili chache tu toka asubuhi hadi jioni. Mmoja wa maafisa vijana waliokuwemo alikuwa Dwight Eisenhower. Baadaye, wakati wa Vita Kuu ya Pili, akaziona barabara kuu za Ujerumani. Alipokuwa Rais hakuwa amesahau tope lile. Juni 29, 1956 akatia saini sheria ya kujenga barabara kuu za nchi nzima: maili 41,000, serikali kuu ikilipa asilimia 90 ya gharama na majimbo yakilipa zilizobaki. Ndipo zilipozaliwa hizi barabara zenye ngao nyekundu na bluu tunazopita kila siku tukienda kubeba maboksi.

Mpangilio wake una akili ndani yake, na kwa mzazi ni msaada mkubwa kuliko mnavyofikiri. Namba shufwa zinakwenda mashariki na magharibi, namba witiri zinakwenda kaskazini na kusini. Pembeni kuna vibao vya maili, na hesabu kwa kawaida huanzia mpaka wa magharibi au wa kusini wa kila jimbo. Sisi tulishuka na I-81 kupitia Virginia, tukalala karibu na mpaka, kesho yake tukaikamata I-40 kwenye maili ya 421 ndani ya Tennessee. Memphis iko mwisho kabisa, kwenye mto Mississippi, maili sifuri. Nikamwambia mkubwa wangu, "Wewe ndiye kondakta. Kibao kikisoma sifuri, tumefika." Wadau, lile swali la "Baba, tumefika?" ambalo Virginia nzima nililisikia kila dakika tano, Tennessee sikulisikia tena. Mtoto akawa anasoma namba zinavyopungua, akimtangazia mdogo wake vituo kama kondakta wa daladala. Mtoto anayeweza kuupima mwendo mwenyewe hana haja ya kukuuliza wewe.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana balaa la kwanza lilitokea Virginia.

Kichanga alianza kulia karibu na Roanoke. Kilio chenyewe si cha njaa wala cha pampas, ni cha kuchoka tu kufungwa kwenye kiti. Bibi, aliyekaa pembeni yake, akanyoosha mkono kwenye kifungo cha mkanda. "Mtoe huyu mtoto, nimpakate. Mnamtesa." Nikamwambia, "Mama, hapana, hairuhusiwi." Akanijibu kwa ile sauti yake ya taratibu ambayo ni mbaya kuliko ya ukali, "Mimi nimekulea wewe na wenzako watano. Nimekupakata kutoka Tanga mpaka Arusha kwenye basi, wewe ukiwa mdogo kuliko huyu. Ulianguka?"

Sasa hapo unajibu nini? Mama ni mama. Nilitoka kwenye barabara kuu kwenye njia ya kwanza niliyoiona, tukasimama kwenye sheli, mtoto akabebwa, akatembezwa, akanyonya, akatulia. Tulipoondoka alirudi kwenye kiti chake. Bibi hakusema neno kwa maili themanini.

Nilimwelewa. Kwetu mtoto kupakatwa ndiyo usalama wenyewe. Mikono ya mama ndiyo mahali pa mwisho ambapo mtu angetegemea pawe pa hatari. Na wala si sisi tu. Wamarekani wenyewe walifikiri hivyo hivyo hadi juzi juzi, na waliobishana juu ya jambo hilo walikuwa wabunge wa Tennessee, jimbo ambalo ndilo tulikuwa tunaelekea.

Viti vya watoto vya zamani, vile vya miaka ya 1930 na 1940, havikuwa vya usalama. Kazi yake ilikuwa kumwinua mtoto aone nje na asitambae ndani ya gari. Mwaka 1962 ndipo Jean Ames wa Uingereza na Leonard Rivkin wa Colorado, kila mmoja kwa wakati wake, wakabuni viti vya kumlinda mtoto gari linapogonga. Kanuni ya kwanza ya serikali kuu ya Marekani kuhusu viti hivyo ilianza mwaka 1971. Lakini kiti kuwepo dukani ni jambo moja, na mzazi kukitumia ni jambo jingine. Wengi hawakukitumia.

Hapo anaingia Dr. Robert Sanders, daktari wa watoto wa Murfreesboro, Tennessee. Mji huo uko kusini mashariki mwa Nashville. Alikuwa amechoka kuona watoto wakifa kwenye ajali ambazo wangeweza kupona. Akaanza kuwafuata wabunge wa jimbo mmoja mmoja, kwa simu na kwa kuwatembelea, yeye na mkewe. Jaribio la kwanza la mwaka 1976 lilishindwa. Mwaka 1977 sheria ikapita, na Januari 1, 1978 Tennessee ikawa jimbo la kwanza Marekani nzima kuwalazimisha wazazi kuwafunga watoto walio chini ya miaka minne kwenye viti vyao. Kufikia mwaka 1985 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria za namna hiyo.

Lakini sikilizeni hii. Ili sheria ile ipite, wabunge waliongeza kipengele kimoja: mtoto aliyepakatwa haihitaji kufungwa. Yaani hoja ya Bibi, neno kwa neno, iliingizwa kwenye sheria ya jimbo! Mbunge gani angethubutu kumwambia mama wa Tennessee kwamba kifua chake si salama? Dr. Sanders alikipinga kipengele hicho. Watu waliokuwa upande wake walikiita kwa jina la kutisha, kwamba ni sheria ya kuponda watoto. Hesabu yake si ngumu. Mtoto wa kilo 10, gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 48 kwa saa na likasimama ghafla kwa kugonga kitu, kwa kitambo hicho kifupi anavuta mbele kwa nguvu kama ya mzigo wa kilo 200 hadi 300. Hakuna mama, hata awe mbeba mikungu ya ndizi, anayeweza kushika mzigo huo. Na kama mama mwenyewe hajafunga mkanda, uzito wake wote unakuja nyuma ya mtoto. Mwaka 1981 Tennessee ikakiondoa kipengele kile. Dr. Sanders alifariki mwaka 2006, na watu wa kwake walishampa jina la utani la Daktari Mkanda.

Usiku ule hotelini nilimsimulia Bibi habari hii. Sikumwambia kwamba alikosea, maana hakukosea kwa kumpenda mjukuu wake. Nilimwambia kwamba wamama wa hapa nao walikuwa wanasema kama yeye, na kwamba daktari mmoja ilimchukua miaka kadhaa kuwageuza. Akasikiliza. Akauliza swali moja tu: "Sasa huyo daktari, kwa wale wasio na pesa ya kiti alifanyaje?" Nikamwambia kulikuja kuwa na mipango ya kuazimisha viti kwa familia zisizo na uwezo, na mpaka leo maeneo mengi kuna vituo vya zimamoto au hospitali zinazokusaidia hata kukagua kama kiti kimefungwa sawasawa. Akasema, "Haya." Kwa wanaomjua mama yangu, "haya" ni nusu ya ushindi.

Kuhusu hoteli yenyewe. Chumba kimoja, vitanda viwili vikubwa, kiyoyozi, bwawa la kuogelea, mashine ya barafu koridoni, na watoto hawalipiwi. Mambo haya tumeyazoea kiasi kwamba tunaona ndivyo dunia ilivyoumbwa. La hasha. Mwaka 1951, mfanyabiashara wa Memphis aitwaye Kemmons Wilson alimchukua mkewe na watoto wao watano kwa gari kwenda kutalii Washington. Ni njia kama yetu, ila yeye alikuwa anatoka huko tulikokuwa tunakwenda. Kila moteli waliyolala ilikuwa bahati nasibu: moja safi, nyingine chafu, na huwezi kujua mpaka uingie. Kilichomkera zaidi ni kutozwa dola 2 za ziada kwa kila mtoto, wakati watoto wenyewe wanalala kwenye chumba kile kile na wazazi wao. Kwa watoto watano ni dola 10, zaidi ya bei ya chumba chenyewe! Akamwambia mkewe kwamba atajenga moteli za namna yake, watoto wasilipiwe, na atajenga 400. Mkewe akacheka.

Agosti 1952 akafungua ya kwanza kwenye barabara ya Summer Avenue, Memphis, vyumba 120, akaiita Holiday Inn, jina ambalo mchora ramani wake alilichukua kwenye sinema ya mwaka 1942. Watoto bure kwa wazazi wao. Kila chumba kilikuwa na kiyoyozi, tena wakati ule hilo halikuwa jambo la kawaida. Mwaka 1968 kampuni ile ilifungua hoteli ya elfu moja. Washindani nao ikabidi waige. Kwa hiyo mzazi mwenzangu, ukilala leo moteli yoyote na hujatozwa kwa ajili ya kichanga chako, kumbuka hasira ya baba mmoja mwenye watoto watano.

Kufikia hapo historia ni tamu. Ingeishia hapo ningewatakia wikiendi njema nikaenda kulala. Lakini Bibi ndiye aliyeiharibu.

Tulikuwa kwenye I-40, tumeshapita Knoxville, tumeshapata ile saa moja ya bure pale majira yanapobadilika. Tukasimama kwenye kituo cha kupumzikia. Mnavijua: choo safi cha bure, maji, miti, meza za kulia. Tulishusha deli letu la barafu, tukala chapati na mayai ya kuchemsha na machungwa, watoto wakakimbia kwenye majani kwa dakika ishirini. Hiyo ndiyo siri yetu ya pili, wadau: kila baada ya saa mbili simama, hata kama wamelala, hata kama unaona unachelewa. Dakika ishirini za kukimbia zinanunua saa mbili za amani. Na chakula cha nyumbani kinaokoa pesa na matumbo.

Bibi alikuwa ametoka chooni, ameshangaa usafi. Kwetu basi likisimama porini kondakta anatangaza "kuchimba dawa", wanaume kushoto, wanawake kulia, kila mtu na kichaka chake. Akakaa mezani, akamenya chungwa, akasema, "Jana uliniambia zamani hapa watu weusi walikuwa hawaruhusiwi kuingia hotelini." Nikasema ndiyo. "Na mgahawani?" Ndiyo. "Na sheli?" Nikasema, sheli nyingi walikuwa wanawauzia mafuta lakini hawawaruhusu kuingia chooni. Akamtazama mjukuu wake wa miaka minne aliyekuwa anaruka ruka pale.

"Basi watoto wao walikuwa wanachimba dawa wapi?"

Nimesoma habari za ubaguzi wa huku kwa miaka mingi. Nimesoma habari za mahakama, za maandamano, za hotuba. Swali hilo sikuwahi kujiuliza. Kwa sababu mimi nilisoma kama mwanafunzi, na Bibi aliuliza kama mtu aliyewahi kusafiri na watoto sita.

Jibu ni kwamba walibeba vyombo vyao. Familia nyingi nyeusi zilizosafiri kusini kabla ya mwaka 1964 zilibeba kopo au ndoo kwenye buti kwa ajili ya watoto. Zilibeba mafuta ya ziada, maji, mablanketi ya kulala ndani ya gari, na kuku wa kukaanga kwenye maboksi ya viatu. Leo wazee wengi wanasimulia jinsi walivyoyafurahia yale maboksi ya kuku wakiwa watoto. Walidhani ni pikiniki. Walipokua ndipo walipoelewa kwamba wazazi wao walipika usiku kucha kwa sababu njiani hakuna mlango ambao ungefunguliwa. Mzazi alikuwa anauficha ubaya wa nchi ndani ya paja la kuku, ili mtoto asiuone.

Kulikuwa pia na kitabu. Victor Hugo Green, tarishi wa posta aliyekuwa akiishi Harlem, New York, alitoa mwaka 1936 kijitabu cha kuwaongoza wasafiri weusi: hoteli ipi itakupokea, nyumba ya nani inakodisha chumba, sheli ipi, kinyozi yupi, mgahawa upi. Mwanzoni kilihusu New York tu, baadaye kikaenea nchi nzima. Watu walikiita Green Book. Kampuni ya mafuta ya Esso ilikiuza kwenye vituo vyake. Green aliandika humo kwamba anatumaini siku itafika ambapo kitabu chake hakitahitajika. Alifariki mwaka 1960 bila kuiona siku hiyo. Toleo la mwisho ni la mwaka 1966 na 1967. Maktaba ya umma ya New York imeviweka vingi kwenye mtandao, bure. Vitazameni. Tafuteni mji mnaoishi, mwone milango mingapi ilikuwa wazi. Miji mingine ina mlango mmoja, na mingine haimo kabisa.

Mtu anaweza kusema hayo ni ya Wamarekani weusi, sisi Waafrika yanatuhusu nini. Yanatuhusu. Nje ya Baltimore, si mbali na tunapoishi, kuna barabara ya zamani, Route 40. Kabla ya I-95 ndiyo iliyokuwa njia ya kutoka New York penye Umoja wa Mataifa kwenda Washington. Nchi za Afrika zilipoanza kupata uhuru, mabalozi wake walipita hapo. Juni 1961 Adam Malick Sow, balozi mpya wa Chad, alisimama kwenye mgahawa wa njiani Maryland kunywa kahawa. Alikuwa anakwenda kukabidhi hati zake kwa Rais Kennedy. Akafukuzwa. Mama wa mgahawa ule alijitetea baadaye kwamba yeye aliona mtu mweusi wa kawaida tu, hakujua kama ni balozi. Utetezi huo ndio kosa lenyewe, ila hakuuona. Serikali ya Kennedy ilipata aibu mbele ya dunia, na kitengo cha itifaki kilichoshughulikia jambo hilo kiliongozwa na Pedro Sanjuan. Waandishi wa gazeti moja la watu weusi la Baltimore wakavaa mavazi ya kifahari, wakajifanya wakubwa kutoka nchi ya kubuni waliyoiita Goban, wakaenda kwenye migahawa ile ile. Wapo waliowapokea kwa heshima! Wenyeji weusi waliozaliwa pale pale walikuwa bado wanafukuzwa.

Tanganyika ilipata uhuru Desemba mwaka ule ule, 1961. Yaani bendera yetu ilipopanda Umoja wa Mataifa, barabara ya kutoka huko kwenda Washington ilikuwa bado hivyo. Novemba 14, 1963 Kennedy mwenyewe alizindua kipande cha I-95 kinachopita sambamba na Route 40. Siku nane baadaye aliuawa. Leo kipande hicho kina jina lake, na mimi hukipita nikienda kazini.

Mwaka huo huo wa 1963, mwezi Aprili, Martin Luther King akiwa jela Birmingham aliandika ile barua yake maarufu. Watu huikumbuka kwa mambo makubwa ya haki na sheria. Lakini ndani yake anaeleza pia uchungu wa kulala usiku baada ya usiku kwenye kona za gari kwa sababu hakuna moteli itakayokupokea. Na anaeleza ugumu wa kumweleza binti yake wa miaka sita kwa nini hawezi kwenda kwenye bustani ya michezo ya watoto aliyoiona kwenye televisheni. Kabla ya kuwa jina la barabara, King alikuwa baba mwenye watoto kwenye kiti cha nyuma, wanaouliza kwa nini hatusimami.

Julai 2, 1964 ikaja Sheria ya Haki za Kiraia, iliyokataza hoteli na migahawa kubagua wateja kwa rangi. Mwenye moteli moja ya Atlanta, yenye vyumba 216, akaenda mahakamani siku ile ile kuipinga. Desemba 14, 1964 Mahakama Kuu ya Marekani ikamkatalia, majaji wote kwa pamoja. Moja ya hoja zilizobeba kesi ile ni kwamba kumnyima msafiri mahali pa kulala ni kuzuia watu kusafiri kutoka jimbo hadi jimbo. Kwa maneno mengine, swali la Bibi lilifika mpaka Mahakama Kuu.

Nisiwafiche jingine. Hii barabara laini niliyoisifu mwanzoni nayo ina madeni. Tulipopita Nashville nilimwonyesha mkubwa wangu upande wa kaskazini. I-40 ilipojengwa pale mwishoni mwa miaka ya 1960 ilipita katikati ya mtaa wa watu weusi wa Jefferson Street, wenye maduka, kumbi za muziki na nyumba zao. Wenyeji walikwenda mahakamani, wakashindwa. Memphis, barabara hiyo hiyo ilipangwa kukata msitu wa Overton Park, wenyeji wakaenda mahakamani, na mwaka 1971 Mahakama Kuu ikawasikiliza. Mpaka leo I-40 inauzunguka mji wa Memphis badala ya kupita pale. Sehemu moja walishinda, sehemu nyingine walishindwa. Mkubwa wangu aliuliza kwa nini. Nikamwambia tutaongea akikua kidogo, kisha nikakumbuka maboksi ya kuku, nikamwambia ukweli, kwa maneno ya mtoto wa miaka saba.

Tulifika sifuri saa kumi na moja jioni. Mtoto alipiga kelele kama timu ya Taifa imefunga goli.

Kesho yake tulikwenda Lorraine. Walter na Loree Bailey waliinunua mwaka 1945, na ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizoorodheshwa kwenye Green Book. Ray Charles, Aretha Franklin na Otis Redding walilala hapo. Familia zililala hapo, watoto waliogelea kwenye bwawa lake. King naye alifikia hapo, na Aprili 4, 1968 aliuawa akiwa kwenye roshani, nje ya chumba namba 306. Mama Bailey alipatwa na kiharusi usiku ule, akafariki Aprili 9, siku ya mazishi ya King. Tangu mwaka 1991 ni jumba la makumbusho. Milango bado ina ile rangi yake ya bluu ya bahari, magari mawili ya zamani yameegeshwa chini, na shada la maua liko kwenye roshani.

Hatukuwaingiza wadogo kila mahali, kuna mambo mazito mle. Mama watoto alibaki nao nje, tukapokezana. Bibi alisimama pale chini akitazama juu kwa muda mrefu. Akaniambia alikuwa msichana wa shule, walisikia habari ile redioni, mwalimu wao akawasimamisha darasa zima kimya. Kisha akasema, "Sikujua kama hii ilikuwa ni gesti ya familia."

Maili chache kutoka pale ndipo Summer Avenue ilipo, ambapo Bwana Wilson aliweka kanuni yake ya watoto bure. Mji mmoja, miaka ile ile, baba wawili wenye hasira ya njiani. Mmoja hasira yake ilikuwa dola 2. Mwingine hasira yake ilikuwa mlango wenyewe. Wote wawili tunawadai shukrani, lakini si kwa kiwango kimoja.

Basi, kwa walioniuliza siri za safari, nimezisema tayari: mpe mtoto namba za kuhesabu, simama kila saa mbili, beba chakula, usiache hata dakika moja mtoto ndani ya gari lililozimwa kwenye joto, na mkanda hauna mjadala, hata kwa bibi. Ongezeni na hii: waambieni watoto barabara wanayopita ilipatikanaje. Hawachoki kusikiliza kama tunavyodhani.

Asubuhi ya kurudi nilikuwa napakia buti nikasikia Bibi anamfunga kichanga kwenye kiti. Alikaza mkanda, akapitisha kidole chini yake kama alivyomwona mama watoto akifanya, akakaza tena. Mtoto akaanza kulia. Bibi akamwambia, "Lia tu baba, lia. Daktari kasema." Kisha akanigeukia. "Choo cha kwanza kiko maili ya ngapi?"